Mjumbe asiye na ujumbe

Asubuhi ile ukungu ulikuwa bado haujainuka kwenye mabonde ya Kilolo, na mkutano mkuu wa kijiji ulichelewa kuanza kwa sababu akidi haikutimia. Nilikuwa nimekwenda na wanafunzi wangu sita wa mwaka wa pili, tukakaa nyuma kusikiliza tu. Watu waliingia mmojammoja: akina mama wamejitanda vitenge juu ya masweta, wazee na makoti yao mazito, vijana wakiegesha bodaboda nje ya darasa. Mwenyekiti alipofungua kikao, agenda mbili za kwanza zilipita haraka. Ya tatu ilikuwa taarifa ya diwani. Akasimama, akasalimu "Kamwene!", akaeleza kwamba kwenye baraza la madiwani amewasemea wananchi wake kwa nguvu zote, na kwamba nyumba ya mtumishi wa zahanati imeingia kwenye bajeti. Watu wakapiga makofi ya adabu.

Mama mmoja wa makamo, aliyekaa dawati la mbele, akainua mkono.

"Mheshimiwa diwani, nashukuru umetusemea. Lakini umetusemea nini? Sisi hatujakwambia kitu."

Darasa likanyamaza. Diwani hakukasirika, na hilo namheshimu nalo mpaka leo. Alijibu kwa upole: "Mama, mimi nimezaliwa hapahapa. Shida zenu nazijua." Mama yule hakukaa. "Karavati la pale chini mtoni lilipoondoka na mvua, lori halikuvuka tena. Gunia la viazi nimeliuza nusu ya bei. Na hilo ulilijua?"

Naandika makala haya kwa sababu ya maswali yale mawili. Nafundisha sayansi ya siasa hapa Iringa, na kila mwaka naingia darasani na nadharia za uwakilishi zilizoandikwa Ulaya na Marekani. Mama yule alizifikia kwa pumzi moja. Nataka kulifungua jambo lake mbele ya wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini, maana naamini kuna mahali tunakosea sote: tunamchagua mtu, tunambeba mabegani akishinda, halafu tunamwacha aende mikono mitupu. Tunatuma mjumbe asiye na ujumbe.

Tuanze na lugha, kwa kuwa Kiswahili kililiona tatizo hili zamani. Mtu anayesema au kutenda kwa niaba ya wengine tuna majina mengi ya kumwita, na mawili kati yake yanatofautiana sana. Mjumbe hubeba ujumbe. Anatumwa, anafikisha, anarudi na majibu. Maneno si yake, ndiyo maana wahenga wakasema mjumbe hauawi. Wakili ni mwingine. Ukimpa wakili kesi yako, humwandikii kila neno la kutamka mbele ya hakimu. Unampa mamlaka, naye anatumia ujuzi wake, na siku nyingine atakushauri ukubali jambo uliloapa hutalikubali. Neno mwakilishi limetoka kwenye wakili. Lakini aliyeko kwenye kamati ya shule, kwenye halmashauri ya kijiji au kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata tunamwita mjumbe. Zanzibar wameyaweka maneno yote mawili kwenye cheo kimoja: mtunga sheria wa kule ni Mjumbe wa Baraza la Wawakilishi, chombo kilichoanzishwa mwaka 1980.

Je, anayetusimamia awe mjumbe au awe wakili? Ubishi huu uliwahi kutokea hadharani mjini Bristol, Uingereza, tarehe 3 Novemba 1774. Mji ule wa bandari ulikuwa umechagua wabunge wawili. Mmoja, Henry Cruger, mfanyabiashara mzaliwa wa Marekani, alikubali kwamba wapiga kura wana haki ya kumwelekeza mbunge wao. Mwenzake, Edmund Burke, akasimama baada yake na kukataa. Alieleza kwamba mbunge anapaswa kuwa karibu sana na watu wake, ayape matakwa yao uzito mkubwa, ajinyime raha zake kwa ajili yao. Lakini hukumu yake na dhamiri yake hatamkabidhi mtu yeyote. Kwake yeye Bunge lilikuwa mahali pa kujadiliana juu ya manufaa ya taifa zima, na majadiliano hayana maana kama uamuzi umeshatolewa na watu walioko mbali, ambao hoja yenyewe hawajaisikia.

Wengi wanaomsoma Burke huishia hapo. Kilichofuata ni muhimu vilevile. Aliunga mkono kulegezwa kwa vikwazo vya biashara vilivyoibana Ireland, jambo lililowaudhi wafanyabiashara wa Bristol, na ulipofika uchaguzi wa 1780 aliona atashindwa, akajitoa. Alikuwa wakili kwelikweli, na wenye kesi wakamwacha.

Mimi nakubaliana na Burke nusu. Mtu anayekwenda Dodoma na karatasi ya maagizo tu hawezi kufanya kazi, kwa sababu mambo mengi yanayoamuliwa bungeni hayakuwepo siku tulipopiga kura. Muswada unaletwa, unabadilishwa kwenye kamati, unapigiwa kura wiki hiyohiyo. Asiporuhusiwa kufikiri, tumetuma redio. Nusu ninayoikataa ni ile ya diwani wa Kilolo, kwamba mwakilishi anaweza kuzijua shida za watu bila kuwauliza. Hata wakili hodari huanza kwa kukaa na mteja, akasikiliza, akaandika.

Katiba yetu ya mwaka 1977 inaelekea upande wa wakili. Ibara ya 8 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na Serikali itapata madaraka yake yote kutoka kwao. Ibara ya 63 inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali, nayo inatamka wazi kwamba kazi hiyo hufanywa kwa niaba ya wananchi. Ibara ya 100 inalinda uhuru wa mawazo na majadiliano bungeni, hata mbunge hawezi kushtakiwa mahakamani kwa alichokisema humo. Hakuna utaratibu wa wapiga kura kumrudisha mbunge nyumbani kabla ya miaka mitano. Rasimu ya Katiba iliyoandaliwa na Tume ya Jaji Warioba mwaka 2013 ilipendekeza wananchi wapewe uwezo huo, lakini mchakato wenyewe haukufika mwisho.

Kisha kuna mwingine anayemdai mbunge utii, chama. Chini ya Ibara ya 67 mgombea ubunge lazima awe mwanachama wa chama cha siasa na apendekezwe nacho, na chini ya Ibara ya 71 akiacha uanachama anapoteza kiti. Kwa hiyo mbunge anayesimama kuzungumza ana masikio matatu: jimbo lake, dhamiri yake na chama chake. Aliyepambana na jambo hili kwa miaka mingi kuliko wote alikuwa mwana wa huku kwetu, Mchungaji Christopher Mtikila wa Ludewa. Alifungua shauri Mahakama Kuu Dodoma mwaka 1993 akidai mwananchi aruhusiwe kugombea bila chama, na mwaka uliofuata Jaji Lugakingira akakubaliana naye. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba suala hilo ni la Bunge, si la mahakama. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikasema kumzuia mgombea binafsi kunavunja haki zake. Mtikila alifariki katika ajali ya gari Oktoba 2015, na Ibara ya 67 bado inasema vilevile. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote juu ya siasa za Mtikila. Swali alilolishikilia lilikuwa zuri na bado ni letu: ninapokupa kura yangu, ninakupa wewe au ninakipa chama?

Kuna swali jingine ambalo wanadharia wa Ulaya hulipita haraka, ila sisi tumeliishi. Uwakilishi unaelekea wapi? Kwenye pwani ya Mrima zamani, jumbe alikuwa mkuu wa mji wake. Wajerumani walipoitwaa nchi walilichukua jina hilo, pamoja na la akida, wakaligeuza cheo cha utawala wao. Jumbe akawa mtu wa kukusanya kodi na kutoa watu wa kazi za lazima. Angalia neno lilivyogeuzwa: ujumbe sasa ulitoka juu kwenda chini. Huku kwetu Kalenga, ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ilianguka Oktoba 1894, Mkwawa akafa 1898, na baada ya hapo aliyesimama mbele ya watu aliiwakilisha serikali kwao, wala hakuwawakilisha wao kwa serikali. Waingereza walikuja na utawala wa kupitia machifu, uliowekewa sheria mwaka 1926, na mwelekeo ukabaki uleule. Mwaka huohuo lilianzishwa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Lilikaa miaka 19 bila Mwafrika hata mmoja ndani yake, mpaka 1945 gavana alipowateua machifu wawili, Abdiel Shangali wa Machame na Kidaha Makwaia wa Shinyanga. Wote wawili waliteuliwa, na mtu aliyeteuliwa anajua wa kumshukuru.

Nilipokuwa mwanafunzi nilifundishwa kana kwamba habari za uwakilishi zilifika Tanganyika kwa meli. Si kweli. Kwa Wanyakyusa wa Rungwe, malafyale, yaani chifu, hakutawala peke yake. Alizungukwa na amafumu, wakuu wa vijiji ambao hawakutoka katika ukoo wake, waliosimikwa kwenye sherehe ya ubusoka, wakati kizazi kipya kilipokabidhiwa nchi. Kazi yao mojawapo ilikuwa kumwambia malafyale ukweli. Iliaminika kwamba wanakijiji wakinung'unika kwa haki, pumzi yao inaweza kumshukia mkosaji na kumletea baridi mwilini, hata akiwa malafyale mwenyewe. Siipambi zamani, wanawake hawakusimikwa kuwa amafumu, na wapo wengi ambao hawakusikilizwa. Lakini wazo kwamba mtawala anapaswa kuhisi baridi pale watu wanaponung'unika ni wazo la kisiasa lililokomaa, na lilikuwepo kwenye migomba ya Tukuyu kabla hajafika mzungu.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo watu hulisema kwa urahisi: "Tumchague mtu wa kwetu." Mwanazuoni Hanna Pitkin wa Marekani, katika maandishi yake ya mwaka 1967, alisaidia sana kulichambua. Alitenganisha kufanana na watu, kuwa alama yao, na kutenda kwa ajili yao. Mtu anaweza kuwa na kimoja akakosa vingine.

Uzito wa alama niliuelewa vizuri kwa kisa cha Mbeya. Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru wa Tanganyika, Nelson Mandela alipita Mbeya kwa siri akitoka Afrika Kusini. Aliketi kwenye baraza ya hoteli, na Waafrika na wazungu wameketi pamoja, jambo ambalo kwao lilikuwa haramu kisheria. John Mwakangale, mwanasiasa wa TANU aliyekuwa bungeni, alikuwa amekuja kumuulizia, lakini mama wa kizungu wa mapokezi hakufikisha habari. Mgeni mmoja Mwafrika akamwambia yule mama awe mwangalifu, hawa ni wageni wetu. Mama akaomba radhi. Mandela alieleza baadaye kwamba hapo ndipo alipotambua kuwa yuko katika nchi inayotawaliwa na Waafrika. Hakuna sheria iliyopitishwa pale mapokezini, wala barabara iliyojengwa, na bado kilitokea kitu kikubwa sana. Mtu aliwaona watu wa aina yake wakiwa wenyeji kwao.

Ndiyo maana sidharau furaha ya watu wa nyanda hizi wanapohesabu maspika. Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa, chifu aliyepokea fuvu la babu yake pale Kalenga mwaka 1954, ndiye Mwafrika wa kwanza kuliongoza Bunge la Tanganyika, kuanzia 1962. Anne Makinda wa Njombe akawa mwanamke wa kwanza katika kiti hicho mwaka 2010. Tulia Ackson akakikalia mwaka 2022 akiwa mbunge wa Mbeya Mjini. Na vijana wengi wa Mbeya walijiona bungeni kwa mara ya kwanza walipomchagua Joseph Mbilinyi, msanii wa hiphop, mwaka 2010.

Lakini kufanana hakutoshi, na historia ya huku ina ushahidi mzuri. Mwaka 1958 ulifanyika uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na haki ya kupiga kura yenyewe ilifungwa kwa masharti ya kipato, elimu au cheo. TANU ilikutana Tabora Januari mwaka huo, ikaamua kwa uchungu kushiriki, ikawaunga mkono wagombea wa rangi zote waliokubaliana nayo juu ya uhuru. Jimbo la Nyanda za Juu Kusini likampeleka Lady Chesham, mzungu mzaliwa wa Marekani aliyekuwa mkulima Iringa. Kwa sura, kwa mali na kwa lugha ya mama hakufanana hata kidogo na waliompa kura. Kwa jambo kubwa la wakati ule, uhuru, alikuwa upande wao. Nawauliza wanafunzi wangu kila mwaka: nani aliwawakilisha watu wa Iringa zaidi, yeye au jumbe wa Mjerumani aliyefanana nao kila kitu? Majibu huwa makali, na ninayapenda.

Viti maalumu vya wanawake navyo vipimwe hivyohivyo. Katiba inataka idadi yao isipungue asilimia 30 ya wabunge wengine, na bila utaratibu huo Bunge letu lingekuwa la makoti na tai tu. Mimi nautetea. Hata hivyo mbunge wa viti maalumu hana jimbo lake mwenyewe. Jina lake linatoka kwenye orodha ya chama, kulingana na kura ambazo chama kimepata. Mama wa Kilolo akitaka kumpelekea ujumbe, aende wapi? Akitaka kumnyima kura, amnyime kwenye sanduku lipi? Hadi swali hilo lipate jibu, tumepata kufanana na tumepungukiwa na uwajibikaji.

Hesabu ya majimbo nitaigusa kwa kifupi tu. Sensa ya 2022 iliukuta mkoa wa Mbeya na watu 2,343,754, na kwa uchaguzi wa 2025 ulikuwa na majimbo 8 baada ya Uyole kutengwa na Mbeya Mjini. Iringa ilikuwa na watu 1,192,728 na majimbo 7. Mbunge wa Mbeya kwa wastani anabeba watu wapatao 293,000, wa Iringa wapatao 170,000. Katiba inaruhusu tofauti, kwa kuwa Tume ya Uchaguzi hutakiwa kuzingatia pia mawasiliano na hali ya kijiografia, na anayejua barabara za Kilolo wakati wa masika hatashangaa. Ila kila jimbo linavyokuwa kubwa, ndivyo sauti ya mtu mmoja inavyohitaji kuunganishwa na za wenzake ili isikike.

Na zinaunganishwa wapi? Wanadharia husema demokrasia inahitaji mahali ambapo watu wa kawaida wanajadili mambo ya wote. Wengi hufikiria magazeti na kumbi. Mimi nafikiria kilabu cha ulanzi. Mvua zikianza na mianzi ikianza kuchuruzika, ukipita vijiji vya Iringa jioni utakuta watu wamekaa kwenye mabenchi, kikombe kinazunguka, na bei ya mbolea ya ruzuku inachambuliwa kuliko utakavyoisikia kwenye semina. Msibani ni hivyohivyo, na kwenye mnada, na kwenye foleni ya kusaga. Watu wetu hawana upungufu wa maoni. Upungufu uko kwenye njia ya kutoka kilabuni hadi kwenye kitabu cha muhtasari. Yule aliyeongea kwa saa mbili juu ya pembejeo, mkutano mkuu wa kijiji ukiitishwa hayupo, kwa sababu ameshaamini kwamba pale hakusemwi kitu.

Sehemu ya lawama ni ya utamaduni tulioulea wenyewe. Tumemgeuza mbunge kuwa mfadhili. Akifika jimboni anakutana na mstari: mchango wa harusi, jeneza, ada, jezi za timu, mabati ya kanisa na msikiti. Siwalaumu wenye shida, shida ni za kweli. Lakini mbunge anayetumia mwaka mzima kugawa fedha ana haki ya kudhani kwamba ameshamaliza kazi, na sisi tuliopokea tunaona aibu kumuuliza alichokisema kwenye bajeti ya kilimo. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu ukarimu wa mgombea kwa jina la takrima. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaifuta, kwa kuwa ilimpa mwenye fedha nafasi ambayo asiye nazo hana. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ikafuata mwaka 2010. Takrima imeondoka kwenye sheria. Kwenye vichwa vyetu bado ipo, na kila anayeuliza "ametuletea nini?" kabla ya kuuliza "ametusemea nini?" anairudisha.

Sasa nieleze ujumbe unavyotengenezwa, kwa kuwa hapa ndipo watu huniambia hawakuwahi kufundishwa. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Namba 7 ya mwaka 1982, inaufanya mkutano mkuu wa kijiji kuwa mamlaka ya juu ya kijiji. Kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake. Hauhitaji kadi ya chama, wala barua ya mwaliko. Unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi yanaposomwa. Nguvu zake si za maneno tu. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Serikali ikitaka kuhamisha ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250, mkutano huo ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo uamuzi ni wa Waziri, baada ya kupokea maoni ya kijiji. Mahali ambapo misitu ya kupanda na mashamba makubwa yanatafuta ardhi kila msimu, hicho ni kisu chenye makali, na kinalala alani kwa sababu ya akidi.

Kutoka kijijini ujumbe hupanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, kisha kwenye halmashauri ya wilaya, ambako mbunge naye ni mjumbe. Mbunge akishindwa huko ana milango Dodoma: swali kwa waziri, mchango kwenye bajeti, hoja binafsi. Kila anachokisema bungeni huandikwa kwenye taarifa rasmi za majadiliano, na zinapatikana kwenye tovuti ya Bunge. Kijana mwenye simu anaweza kuzisoma akiwa kijiweni Mafinga.

Wakati nao ni muhimu. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na Bunge hujadili bajeti Aprili hadi Juni, lakini mipango ya vijiji na kata hukusanywa miezi mingi kabla. Kijiji kinachokumbuka karavati lake mwezi Mei kimelikumbukia mwaka unaofuata.

Na ujumbe uwe ujumbe kweli. Chukua lumbesa. Kila mkulima wa viazi kutoka Umalila hadi Makete anaijua: gunia linalojazwa likavimba juu kama kichuguu, likashonewa kamba, likauzwa kwa bei ya gunia moja. Kanuni za vipimo zinakataza gunia kuzidi kilo 100. Lumbesa imelalamikiwa bungeni mara nyingi, na bado lumbesa ipo. Mojawapo ya sababu, kwa maoni yangu, ni kwamba tumekuwa tukituma malalamiko. "Mheshimiwa, tusaidie na lumbesa" si ujumbe, kwa kuwa hakuna anayeweza kuulizwa baadaye kama ametekeleza. "Tunataka kituo kimoja cha kuuzia viazi katika kata yetu, chenye mizani, na sheria ndogo ya halmashauri inayokataza kununulia shambani bila kupima, kabla ya mavuno yajayo" ni ujumbe. Una mahali, una chombo, una muda. Diwani akirudi mikono mitupu, kila mtu anajua alichoshindwa na kinachofuata ni mazungumzo ya watu wazima: ni nani alikataa, kwa sababu gani, tufanye nini.

Hicho ndicho kilichotokea Kilolo siku ile, na ndiyo sababu sikulisahau darasa lile. Baada ya swali la mama yule, mwenyekiti alitaka kuendelea na agenda ya nne. Mzee mmoja akasema hapana, turudi kwenye karavati. Wakabishana kama dakika arobaini. Diwani akaeleza kwamba barabara ile iko chini ya TARURA, wakala wa Serikali wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, kwa hiyo baraza la madiwani haliwezi kuijenga lenyewe. Basi ujumbe uende TARURA kupitia baraza, akasema kijana wa bodaboda, na nakala apewe mbunge. Mwingine akauliza kama nyumba ya mtumishi wa zahanati isubiri. Akina mama wakakataa kwa sauti moja: isisubiri, nesi anapanga mbali. Hapo diwani alikuwa amepata kitu ambacho asubuhi hakuwa nacho, yaani nini kisiguswe na nini kiongezwe.

Mtendaji wa kijiji akaandika. Mama wa dawati la mbele akamwomba asome alichokiandika. Akasoma. Akaambiwa ameacha jina la mto, akaliongeza, akasoma tena.

"Majibu tutayapata lini?" mama akauliza.

"Mkutano ujao, baada ya miezi mitatu," mwenyekiti akajibu.

"Tarehe, mwenyekiti."

Mwenyekiti akamtazama diwani. Diwani akatoa simu mfukoni, akafungua kalenda, akasogeza kidole mara mbili, akataja siku na tarehe. Mtendaji akaiandika chini ya muhtasari. Mama yule akairudia tarehe kwa sauti, akajifunga kitenge chake vizuri, akakaa.